Njaa ya Kusingiziwa

Kosa la Loisi lilikuwa kujibu haraka. Alikuwa ameinamia beseni nyuma ya nyumba ya Ludovick, kule Area D, povu limemfika viwikoni, anafikicha kola ya shati, wakati mwenye nyumba aliporudi kutoka mtoni. Kwa kawaida Jumamosi Ludovick alirudi mchana, uso umeiva kwa jua, akimwonyesha kila mtu picha za samaki kwenye simu. Leo hata chai ya asubuhi ilikuwa haijatolewa mezani, naye ameshafunga mlango wa gari kwa kishindo.

"Samaki wamekufa," alimwambia mkewe, Angelina, aliyekuwa anaanika mito barazani. "Dimbwi zima. Wameelea matumbo juu, na harufu yake huwezi kusimama. Kuna mtu ametia kitu mle."

Angelina alitikisa kichwa, kama mtu aliyesikia msiba wa mtaa wa mbali. Ludovick akazunguka nyuma, akasimama juu ya beseni bila salamu. "Mama Gladi, si mumeo ndiye anayevua pale darajani kwa sabuni?"

Loisi akacheka. "Ndiye huyo, baba. Jumamosi bila kwenda kule anaumwa. Na sabuni yenyewe anaipata hapahapa kwako, vile vipande vinavyobaki nikimaliza kufua. Anasema siku hizi kambale wanapenda ya mche kuliko minyoo."

Alisema hivyo kwa kujivunia kidogo, maana si kila siku mwenye nyumba anauliza habari za mume wa dobi. Ludovick hakucheka. Alitoa simu, akaenda kivulini, na Loisi akamsikia akisema, "Tumempata. Mkewe mwenyewe amekiri." Shati likamponyoka, likazama kwenye povu.

* * *

Wanaoijua Dodoma wanajua kwamba mto wetu ni korongo. Mvua ikinyesha linashuka maji mekundu yenye hasira, mvua ikikata unabaki mchanga, na ni chini ya daraja tu ndiko maji yanakosalia, kwenye dimbwi lililochimbwa na mkondo unaotoka kwenye kalavati. Humo kambale wanaishi, na kiangazi kikikaza wanajizika kwenye tope kungoja mvua nyingine. Sostenes, mume wa Loisi, alikuwa akivua humo tangu mji huu haujawa na magari ya kupanga foleni. Kazi yake ni kupiga plasta. Wiki nzima shingo imeelekea dari, saruji inamdondokea machoni, na Jumamosi alipopewa chake alichukua mti wake, uzi wa nailoni, chelezo alichokata kwenye ndala kuukuu, akashuka korongoni.

Klabu ya kina Ludovick ilikuja juzi tu. Walikuja na fulana za rangi ya chungwa, fimbo za kuvulia zinazokunjwa, na masanduku ya vyumba vyumba yaliyojaa visamaki vya plastiki, kila kimoja kina macho ya kuchora na ndoano tatu tumboni. Wakaupa mtaa benchi la zege na bango: VUA, PIGA PICHA, RUDISHA. Kweli walikuwa wakimvuta samaki mdomo unachuruzika damu, wanambeba kama mtoto wa kubatizwa, wanapigwa picha, wanamrudisha majini. Sostenes hawakumfukuza. Walimpisha tu, kama unavyompisha mbuzi barabarani.

Sasa lisikilizeni hili vizuri, maana ndilo linaloniudhi kuliko yote. Sostenes kambale hali. Mama yake alimlea akijua kwamba samaki mwenye ndevu si chakula, na hadi leo akimwona kwenye sahani anasogeza kiti. Kambale aliowavua aliwagawa. Mmoja kwa jirani yake Rukia, muuza vitumbua. Mmoja kwa mzee Halfani, mwenyekiti wa mtaa, Mrangi wa Kondoa anayependa kambale wa kukaushwa akaungwa kwa karanga. Mtaa mzima ulilijua hilo, na ulikuwa umeshalifanyia mzaha hadi mzaha wenyewe ukachakaa.

Alichokuwa akikifuata kule darajani ni kukaa. Kukaa tu, kichwa kimeinama kuelekea maji badala ya kuinuka kuelekea dari.

* * *

Rukia ndiye aliyewaletea habari kamili jioni ile. Aliingia uani na kanga imefungwa kifuani, akamkuta Loisi analia na Sostenes anakwangua saruji iliyoganda kwenye mwiko wake.

"Shemeji, wanasema umeua samaki kwa sabuni. Kesho unaitwa mkutanoni, ofisi ya mtaa."

"Nimesikia."

"Kwa kisabuni kile cha ukucha?" Rukia akavuta kigoda, akateremsha sauti. "Juzi mimi niko pale kwenye geti la hoteli na vitumbua vyangu. Nikaona wanamwaga maji ya bwawa lao la kuogelea. Bomba lao linatokea korongoni kwa juu, unalijua. Maji meupe, yananuka dawa mpaka macho yananiwasha. Nikajisemea, leo viumbe vimekwisha."

Loisi alijifuta uso. "Basi kesho kwenye mkutano uyaseme hayo, mama wewe. Yaseme hivyohivyo."

Rukia alimtazama, kisha akautazama mlango. "Loisi, pale getini si kwangu. Meneja ananivumilia tu. Na hao wa klabu ndio wanaokula pale kila Jumamosi." Akasimama, akajipangusa vumbi ambalo halikuwepo. "Mimi nimekwambia wewe. Usinitaje."

Hivi ndivyo maskini tunavyomalizana, kila mmoja na ukweli wake chini ya kanga. Rukia alikuwa amekula kambale wa mtu huyu tangu mumewe alipofariki.

* * *

Jumapili, baada ya ibada, Angelina alimpigia Loisi simu. Sauti yake ilikuwa ya upole, upole ule wa mtu anayekubana kidole mlangoni huku akikuuliza kama unaumia.

"Mama Gladi, sisi hatutaki ubaya na nyie. Mwambie mzee aseme tu ilikuwa njaa. Alitaka samaki wengi kwa mara moja, akazidisha sabuni. Watu wakisikia njaa wanasamehe, na klabu itawapa na unga. Wewe Jumatatu uje kazini kama kawaida."

"Na asiposema, dada?"

"Asiposema, Ludo anasema wataenda polisi. Na mimi nitamwekaje ndani mwangu mke wa mtu mwenye kesi?"

Loisi alimfikishia mumewe maneno hayo kama yalivyo. Miezi hiyo kazi za plasta zilikuwa za kubahatisha, na lililokuwa likiwasha jiko ni beseni la Area D. Sostenes alisikiliza hadi mwisho.

"Niseme nilikuwa na njaa," alisema. "Njaa ya samaki nisiyemla."

"Ni neno tu, baba Gladi."

"Kwa wengine ni neno. Mimi ni Mgogo. Huko nje watu wakitusikia tu wanauliza bakuli la kuombea tumeliacha wapi. Babu zangu walikufa na njaa ya kweli hawakumwambia mtu, halafu mimi nikasimame mbele ya mtaa nijitangazie njaa ya uongo?"

"Basi tukale hiyo heshima yako," Loisi alisema, na mara alipolisema akatamani kulirudisha. Sostenes alivaa shati lake la kanisani, lile lile la asubuhi, akatangulia kutoka.

* * *

Ofisi ya mtaa ilikuwa imejaa hadi nje. Mzee Halfani alikaa mezani, na pembeni yake, kwenye viti vyenye mito, walikaa watu wa klabu na fulana zao. Sostenes alivua kofia akasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi." Wazee wachache nyuma wakamwitikia kwa sauti ndogo, "Mbukwa." Ludovick, ambaye kwa umri ni mtoto wake, alikuwa anasoma simu. Shikamoo haikutoka.

"Mzee," Ludovick alianza bila kuinuka, "unaweka nini kwenye maji yale?"

"Sabuni."

Watu wakaguna. Mtu mwingine angezunguka kwanza, angeuliza ni maji yapi, ni lini, nani kasema. Sostenes aliulizwa kitu anachokijua, akajibu, kwa sababu kwao ukiulizwa mbele ya wazee unajibu.

"Sabuni kiasi gani?"

Akainua kidole gumba, akaonyesha ukucha. "Inakaa kwenye ndoano. Kambale anaifuata harufu."

"Kwa hiyo unakubali umetia kemikali kwenye chanzo cha maji."

"Nimekubali sabuni. Bomba la hoteli kule juu, hilo nalo..."

"Mzee Sostenes." Halfani aligonga meza kwa kalamu. "Tusichafue majina ya watu bila ushahidi."

Bila ushahidi. Mzee mzima, mvi kichwani, anatamka neno hilo mbele ya mtu anayehukumiwa kwa kipande cha sabuni, na hakuna kilichomkaba kooni. Loisi alimtafuta Rukia kwa macho. Rukia alikuwa karibu na dirisha, anakagua kucha zake.

Ludovick aliegemea mbele, sauti yake sasa imelegezwa. "Mzee wangu, sisi tunajua hali ni ngumu. Sisi tunavua kwa burudani, wewe unavua kwa ajili ya tumbo. Tunaelewa tofauti hiyo."

"Hata mimi navua kwa burudani," alisema Sostenes.

Mtu mmoja akacheka, na kicheko kikaambukiza chumba kizima. Vijana waliosimama mlangoni wakashikana mabega. "Fundi plasta naye ana burudani," alisema mmoja. "Anapumzisha akili kama mbunge." Hata mzee Halfani alitabasamu, akajificha nyuma ya kiganja. Sostenes alisimama katikati yao na kofia mkononi, akingoja wamalize. Alikuwa amesema kitu cha kweli kuliko vyote vilivyosemwa siku ile, na ndicho walichokiona kichekesho.

Ludovick alipangusa macho. "Haya, mzee. Tuambie tu. Ilikuwa njaa?"

Sostenes aligeuka, akamtafuta mkewe katikati ya watu. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anauliza. Loisi alilifikiria jiko, akaifikiria polisi, akamfikiria binti yao Gladness anayejifunza ususi saluni moja ya Majengo na bado anapewa nauli na mama. Akainamisha kichwa, kidogo tu, kumwambia ndiyo.

"Ilikuwa njaa," alisema Sostenes.

Makofi yakapigwa. Mfuko wa unga wa sembe uliletwa kutoka kwenye gari, umebandikwa karatasi yenye nembo ya klabu, akaelekezwa aushike vipi ili nembo ionekane. Ludovick akamshika bega. Wakapigwa picha, kisha wakapigwa nyingine kwa sababu kwenye ya kwanza Sostenes alikuwa ameangalia chini.

* * *

Picha ilifika Majengo kabla wao hawajafika nyumbani. Gladness alirudi jioni na macho mekundu. Mteja aliyekuwa akisukwa ndiye aliyemwonyesha kwenye simu, akimwuliza kama huyu si baba yake, na chini ya picha mtu ameandika: Njaa haina adabu, tuwasaidie wenzetu.

"Baba, ulikuwa na njaa ya nini?" alimwuliza. "Si tulikula?"

Sostenes aliuingiza mfuko chini ya kitanda, akasema atakayeufungua atajua mwenyewe pa kuupeleka. Loisi alisonga ugali wa unga wao uliobaki, na ulipoisha akakopa kopo kwa jirani wa nyuma, huku mfuko mzima umelala chini ya kitanda anacholalia. Usiku akishuka kitandani alisikia kisigino chake kinaugusa.

Jumamosi iliyofuata Sostenes hakwenda popote. Mti wake wa kuvulia aliuegemeza chooni, Loisi akautumia kuegemezea kamba ya nguo, naye akauona akauacha hapohapo. Alikaa mlangoni, kichwa amekiegemeza ukutani, anatazama bati kama anatafuta palipopasuka plasta. Watoto wa mtaa waliopita walimwita Mzee Njaa. Aliwaitikia.

Afadhali angegomba. Loisi alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, ameshapanga na majibu. Hakujiandaa kwa mume anayekula kimyakimya, anaosha mikono na kusema asante mama Gladi, kama mgeni anayelala siku moja na kesho ana safari.

* * *

Mvua za mwisho zilikuwa zimekata wakati dimbwi lilipokufa mara ya pili. Walikuwa wamebaki samaki wachache waliojificha kwenye kalavati, na safari hii hawakusalia hata hao. Maji yalikuwa meupe kama ya kukamulia tui. Sostenes alikuwa kwenye mjengo nje ya mji wiki ile nzima, mtaa wote ukijua. Loisi alingoja waitwe mkutanoni. Alingoja wamwite meneja wa hoteli asimame katikati na kofia mkononi, aulizwe anaweka nini majini na kiasi gani. Hakuna aliyeitwa. Klabu iliamua kuhamia bwawa la Hombolo, basi, yakaisha.

Loisi alimkuta Ludovick uani kwake akipanga visamaki vyake vya plastiki kwenye sanduku. Alikuwa mchangamfu, anapiga mluzi. Loisi alikaa kwenye beseni, akaanza na fulana za chungwa.

"Mama Gladi," Ludovick alisema bila kuinua uso, "mwambie mzee anitafutie vile vipande vya sabuni. Au nitolee wewe hapo. Wenzangu wa Hombolo wanasema kambale wa kule hivi vya plastiki hawavitaki kabisa."

Loisi alidhani hakusikia vizuri. "Sabuni, baba?"

"Ile ya mche. Ya mzee."

"Ile si sumu?"

Ludovick akacheka, kicheko cha mtu aliyekumbushwa utundu wa utotoni. "Aah, mama. Yale si yalikuwa mambo ya mkutano."

Mambo ya mkutano. Loisi alikitazama kipande cha sabuni kiganjani mwake, kilichosuguliwa na mashati ya mtu huyu hadi kikabaki ukucha. Akakifunga kwenye pindo la kanga yake, akapiga fundo. Kisha akasimama, akajifuta mikono.

"Umemaliza?" aliuliza Angelina kutoka jikoni. "Mbona fulana bado ziko kwenye povu?"

"Zimebaki hapo, dada. Zirudishwe majini au zipigwe picha, mtaamua wenyewe."

Aliaga kwa adabu, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, akafungua geti akatoka. Msiniulize walikula nini baada ya hapo. Walikula walichokula, na hakikuwa kingi.

* * *

Kwenye ofisi ya mtaa kulikuwa na watu wanaongoja barua za utambulisho, na Rukia alikuwa miongoni mwao. Walimwona Loisi anaingia na mfuko kichwani, umejaa vumbi la chini ya kitanda, nembo ya klabu bado imebandikwa. Alimwamkia mzee Halfani, "Shikamoo," akautua mfuko mezani, juu ya makaratasi yake. Uzi wa kushonea mdomo wa mfuko haukuwa umeguswa.

"Nini hiki, mama?"

"Njaa yenu, mzee. Nimeirudisha. Kwetu haikuwahi kuwepo."

"Loisi, mambo hayo yalishapita."

"Wewe kambale wake umekula. Wa kukaushwa, wa karanga, mifupa ukamtupia paka. Umewahi kumwona yeye anakula? Hata mmoja?" Halfani alianza kuyavuta makaratasi yake chini ya mfuko. "Basi ungesema hilo tu. Sikutaka useme la bomba. Ungesema tu, huyu mtu kambale hali."

Hakuna aliyecheka safari hii. Rukia aliinuka kwenye benchi, akatoka nje na barua yake hajaipata. Loisi hakumgeukia. Hata yeye alikuwa na lake, kile kichwa alichokiinamisha siku ile, na lilikuwa halijapata meza ya kurudishiwa.

Sostenes alikuwa amerudi kutoka mjengoni, amekaa mlangoni pake, kisogo ukutani. Loisi aliuchomoa mti wa kuvulia kwenye kamba ya nguo, nguo zikalegea hadi karibu na vumbi, akamwekea magotini. Akafungua fundo la kanga, akampa sabuni.

Sostenes aliitazama. "Kule hakuna samaki, mama Gladi. Wamekwisha wote."

"Najua."

"Sasa nikavue nini?"

"Ulisema unavua kwa burudani," alisema Loisi. "Mbele ya watu wote ulisema, nami sikukuamini, nikakuuza. Nenda kapumzike."

Sostenes aliushika ule mti, akainuka, akavaa kofia. Loisi alimfuata nyuma hadi darajani, wakakaa kwenye benchi la zege, chini ya bango, na Sostenes akatia kisabuni kwenye ndoano, akarusha. Kichelezo cha ndala kikatulia juu ya maji meupe.

Waliopita darajani walisimama, wakaegemea ukuta wa daraja kutazama mtu anavua palipokufa. Mmoja akapaza sauti, "Mzee Njaa, unavua nini humo?"

Sostenes hakuinua kichwa. Loisi ndiye aliyegeuka, akawatazama mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa wote aliwajua na wote walikuwepo mkutanoni.

"Anaitwa Sostenes," alisema. "Mwacheni, anapumzika."